Vifaa vimetulia? Namna ya kuamua kama mfumo endeshi uko tayari kusambazwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu ukitoa chache za kizazi cha 7. Sasa tazama laptopu zilizojaa madukani Mombasa, zile zilizotumika Ulaya kisha zikasafishwa na kuuzwa upya: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, Lenovo ThinkPad T470. Ni za kizazi cha 6 au 7. Ni mashine nzuri, bado zina miaka ya kazi ndani yake, lakini rasmi zimeachwa nje. Ndiyo sababu shule, zahanati, madrasa na ofisi za mawakala wa forodha zinahamia Linux, mfumo endeshi huria, na mara nyingi ni fundi mmoja anayetengeneza nakala mama ya mfumo kisha anaimwaga kwenye mashine 20, 40 au 100.

Fundi huyo ametoa toleo, hata kama hakuliita hivyo. Uamuzi alio nao mkononi ni uleule wanaokabiliana nao wanaotengeneza Debian na Ubuntu, mifumo miwili ya Linux, kabla ya kutangaza toleo jipya: je, vifaa vinatulia vya kutosha ili mtu mwingine aitegemee kazi hii bila mimi kuwa karibu?

Ukingoja kasoro ziishe hutatoa kamwe, kwa sababu haziishi. Na ukitoa kwa kuwa mashine iliyo mezani kwako imewaka na waifai imeshika, utakuwa umepima kitu kidogo mno. Mambo ya kupima ni matatu: kasoro iliyobaki ikitokea inaharibu nini, inatokea mara ngapi ukijumlisha mashine zote, na mtumiaji ana njia gani ya kurudi alikotoka. Mengine yote hapa chini yanafafanua hayo.

Jina la modeli halitoshi

Mfumo endeshi hauoni "EliteBook". Unaona orodha ya chipu, kila moja na namba mbili: ya mtengenezaji na ya kifaa. Kadi ya waifai ya Intel 8260 inajitambulisha kama 8086:24f3. Intel 8265 ni 8086:24fd. Realtek RTL8821CE ni 10ec:c821. Draiva, yaani programu inayokiendesha kifaa, huchaguliwa kwa namba hizi, kwa hiyo hata orodha yako ya majaribio inapaswa kuandikwa kwa namba hizi.

Laptopu 30 za modeli moja zilizotoka kontena moja zinaweza kuwa na kadi mbili tofauti za waifai na SSD za makampuni matatu, kwa sababu zilipopita mikononi mwa wanaozirekebisha, kilichokufa kilibadilishwa na kilichopatikana. Kabla ya jaribio lolote, washa kila mashine kwa flashi na ukusanye `lspci -nn`, `lsusb` na `dmidecode -s bios-version`. Ziweke faili zote pamoja, zipange, uhesabu. Utapata jedwali linalosema, kwa mfano, kadi hii iko kwenye mashine 23, ile kwenye 6, na ile nyingine kwenye moja tu. Hiyo moja ndiyo itakayokuletea simu.

Toleo la baiosi, programu ya msingi inayowasha mashine kabla ya mfumo endeshi, linasahaulika mno. Kulala na kuamka kwa laptopu, kasi ya feni na namna betri inavyoripotiwa vinategemea majedwali ya ACPI yaliyomo ndani ya baiosi. Laptopu mbili zenye chipu zilezile na baiosi tofauti zihesabu kuwa mashine mbili tofauti. Ni rahisi zaidi kuzipandisha zote hadi toleo moja la baiosi kabla ya kuanza kupima kuliko kufukuza kasoro inayotokea kwenye nusu yake tu.

Kifaa kimoja kinaungwa mkono kwa tabaka tatu: draiva ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), fimwea inayopakiwa kwenye kifaa chenyewe, na programu za juu zinazokitumia. Tabaka la katikati ndilo lililowatesa wengi kwa miaka mingi, maana fimwea zisizo huria hazikuwemo kwenye kisakinishi cha Debian, na ukisakinisha kwa waifai ulikuwa unakwama. Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 fimwea hizo zimo kwenye kisakinishi rasmi. Ukitengeneza nakala mama yako mwenyewe, hakikisha hukuziondoa ili kupunguza ukubwa wa faili. `dmesg | grep -i firmware` itakuonyesha kifaa kilichoomba fimwea na kukosa.

Kasoro inayosimamisha kila kitu

Panga kila kasoro unayoijua kwa madhara yake. Juu kabisa ni inayoharibu data au kifaa chenyewe. Chini yake inayozuia mashine kuwaka. Kisha inayogandisha mashine katikati ya kazi. Halafu kifaa kisichofanya kazi lakini kuna njia ya kuzunguka, na mwisho kabisa mambo ya sura tu. Kasoro moja ya daraja la kwanza inasimamisha toleo, hata kama imeonekana mara moja kwenye mashine moja. Hapa hakuna kupatana bei.

Desemba 2017 Canonical, kampuni inayotoa Ubuntu, iliondoa faili ya kupakua ya Ubuntu 17.10 baada ya watu wenye laptopu za Lenovo, na baadhi ya makampuni mengine, kukuta hawawezi tena kuhifadhi mipangilio ya baiosi. Chanzo kilikuwa draiva ya `intel-spi`, iliyowashwa kwenye kerneli ingawa mtumiaji wa kawaida hakuihitaji, ikigusa chipu ile inayobeba baiosi. Ubaya wake ni huu: baadhi ya mashine hizo hazikuweza tena kuwaka kwa flashi. Kusakinisha mfumo mwingine hakukusaidia, kwa kuwa uharibifu ulikuwa chini ya mfumo. Nakala mpya, draiva hiyo ikiwa imezimwa, ilitolewa Januari 2018.

Mwaka 2008 kulikuwa na kisa kigumu zaidi kukitambua. Wakati wa majaribio ya kerneli 2.6.27, kadi za mtandao za Intel zilikuwa zikifutika kumbukumbu yake ya ndani na kufa. Draiva ya `e1000e` ililaumiwa, na ilikuwa haki kuishuku, lakini mwisho ilibainika kwamba aliyekuwa akiandika pasipomhusu ni ftrace, zana ya ufuatiliaji iliyo sehemu nyingine kabisa ya kerneli. Funzo lake kwa mpimaji ni la vitendo: usifunge ripoti kwa sababu draiva inayotajwa haijabadilika tangu toleo lililopita.

Na Desemba 2023 Debian ilikuwa inatoa 12.3 ilipogundulika kwamba kerneli 6.1.64 inaweza kuharibu data kwenye ext4, muundo wa kuhifadhi mafaili diskini unaotumika sana kwenye Linux. Rekebisho moja lilikuwa limepelekwa kwenye tawi la 6.1 bila badiliko jingine lililopaswa kuandamana nalo. Utoaji ulisimamishwa, na tarehe 10 Desemba ikatoka 12.4 yenye kerneli 6.1.66. Kumbuka kwamba 6.1 ni tawi la muda mrefu, lililokwisha kutumika mwaka mzima. Lebo ya "thabiti" inahusu tawi. Haihusu kila sasisho linaloingia ndani yake, na kila sasisho la kerneli linastahili majaribio ya diski upya.

Kuna mfano mzuri wa upande wa pili. Mradi wa Asahi Linux, unaopeleka Linux kwenye kompyuta za Apple zenye chipu za M1 na kuendelea, ulitoa toleo lake la kwanza la majaribio Machi 2022 huku spika za ndani zikiwa zimezimwa kwa makusudi. Sauti ilikuwa inawezekana. Lakini spika hizo ndogo zinaweza kuungua zikisukumwa bila programu inayokadiria joto la koili zake, na programu hiyo ilikuwa bado. Walisubiri hadi wakaiandika. Kuficha kifaa ambacho hujakimaliza ni sehemu halali ya kutoa toleo, na mara nyingi ndiyo sehemu ya busara zaidi.

Mara ngapi ni mara nyingi?

Chukua kulala na kuamka kwa laptopu, kwa sababu hapo ndipo draiva mbovu hujulikana. Mashine ikilala, kila draiva lazima ihifadhi hali ya kifaa chake, ikizime, kisha ikirudishe sawasawa kwa mpangilio maalumu. Draiva inayofanya kazi siku nzima bila tatizo inaweza kufia hapo: waifai inapotea, paneli ya kugusa haisikii, au skrini inabaki nyeusi huku feni ikizunguka.

Kwanza soma `cat /sys/power/mem_sleep`. Neno lililo kwenye mabano ya mraba ndiyo aina ya usingizi inayotumika. Laptopu nyingi za kizazi cha 6 na 7 zina `deep`, usingizi mzito unaokula betri kidogo sana. Nyingi za miaka ya karibuni zina `s2idle` peke yake, na hapo tatizo la kawaida ni betri kwisha usiku mzima mashine ikiwa imefungwa. Ni makosa mawili tofauti, kwa hiyo andika aina kwenye jedwali lako.

Kisha ziachie zilale zenyewe, ukiendesha kama mtumiaji mkuu:

```
for i in $(seq 1 300); do
  rtcwake -m mem -s 20
  sleep 40
  echo "$i $(date)" >> /root/usingizi.log
  lsusb | wc -l >> /root/usingizi.log
  ping -c 3 192.168.1.1 > /dev/null || echo "$i waifai kimya" >> /root/usingizi.log
done
```

Mashine inalala sekunde 20, inaamka, inapewa sekunde 40 za kushika mtandao, kisha inahesabu vifaa vya USB na kujaribu kufikia ruta. Badilisha anwani iwe ya ruta yako. Mizunguko 300 inachukua zaidi kidogo ya saa 5. Ikiganda, namba iliyo kwenye mstari wa mwisho wenye tarehe itakuambia mzunguko wa mwisho uliopita salama, na baada ya kuiwasha upya `journalctl -b -1` inaonyesha maneno ya mwisho kabla ya kuganda.

Tuseme zote 300 zimepita. Umejua nini? Watakwimu wana kanuni fupi: ukijaribu mara kadhaa bila kushindwa hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio, na kwa uhakika wa asilimia 95 kiwango halisi cha kushindwa hakizidi jibu hilo. Kwa 300 safi, jibu ni asilimia 1. Inasikika vizuri mpaka uihesabie shule. Laptopu 40, kila moja ikifungwa mara 3 kwa siku, ni usingizi 120 kila siku. Asilimia 1 ya 120 ni zaidi ya laptopu moja kuganda kila siku ya masomo. Mwalimu ataita mfumo huo mbovu, na atakuwa amesema kweli.

Basi anza na kinachovumilika. Kuganda mara moja kwa mwezi shule nzima? Siku 22 za masomo mara 120 ni 2,640. Ili useme kwa uhakika uleule kwamba hali haizidi hapo, unahitaji takriban mara 8,000 safi. Mashine 10 zikilala mara 800 kila moja zinamaliza kazi hiyo kwa saa 13 na kidogo, yaani usiku mmoja mrefu.

Tahadhari: kanuni hiyo inadhani kila jaribio linajitegemea, na majaribio 8,000 ya mashine moja hayajitegemei. Mashine hiyo ina kadi moja, SSD moja, baiosi moja. Majaribio mengi kwenye mashine moja hufichua kasoro za bahati, zile zinazotegemea kipi kilitangulia kipi kwa milisekunde. Majaribio machache kwenye mashine nyingi hufichua tofauti za vifaa. Ukilazimika kuchagua kimoja, chagua mashine nyingi, na hakikisha kila namba ya kifaa iliyo kwenye jedwali lako imewakilishwa na angalau mashine mbili, isipokuwa ile ya pekee.

Stima, joto na chumvi

Majaribio yaliyofanywa na wanaotengeneza mfumo Ulaya au Marekani hayakufanyiwa darasani Kisauni, Mombasa. Vitu vitatu vya huku vinahitaji kupimwa huku.

Cha kwanza ni stima kukatika. Laptopu yenye betri nzima haijali, lakini kompyuta ya mezani isiyo na UPS inakufa palepale, na laptopu yenye betri iliyochoka ni kama ya mezani. Hapa kuna jambo la kueleweka kwanza. Ext4 kwa kawaida huandika shajara yake kila sekunde 5, na data ambayo programu haijaamuru ihifadhiwe inaweza kukaa kwenye RAM kama sekunde 30 kabla ya kupelekwa diskini. Stima ikikatika, sekunde hizo kupotea si kasoro. Kasoro ni data ambayo diski ilikubali kwamba imeihifadhi, kisha isionekane.

Hivi ndivyo inavyopimwa. Andika programu fupi inayoongeza namba moja kwenye faili, inaamuru `sync` kwa faili hiyo, na baada ya amri kurudi tu ndipo inatuma namba hiyo kwa mtandao wa waya hadi kompyuta ya pili. Iache izunguke. Sasa chomoa waya ukutani. Usibonyeze kitufe cha kuzima, maana kitufe hakikati umeme wa SSD kwa namna ileile. Rudisha umeme, washa, na ulinganishe: namba ya mwisho ndani ya faili lazima iwe sawa na ile iliyofika kompyuta ya pili au iizidi. Ikiwa pungufu, SSD ilidanganya. Ilisema imeandika huku data ikiwa bado kwenye kashe yake. Rudia mara 20 kwa kila aina ya SSD, kwa kuwa udanganyifu huu unategemea diski ilikuwa inafanya nini sekunde ileile. SSD za bei ya chini zisizo na jina ndizo za kushukiwa kwanza. Mfumo endeshi hauna hatia hapo, lakini toleo lako likienda na diski hiyo, mtumiaji hatajali nani mwenye hatia. Ibadilishe, au uzime kashe ya kuandika kwa `hdparm -W0` ukijua kasi itashuka, kisha urudie jaribio, kwa sababu si kila diski inaitii amri hiyo.

Cha pili ni joto. Nyuzi ambazo prosesa inapanda juu ya joto la chumba hazibadiliki sana kwa mzigo uleule. Ikifika nyuzi 80 kwenye ofisi yenye kiyoyozi cha 22, itegemee karibu 90 kwenye darasa la nyuzi 32 wakati wa kaskazi, Februari au Machi. Endesha `stress-ng --cpu 0 --timeout 30m` chumbani kusikokuwa na kiyoyozi, saa nane mchana, na baadaye usome `/sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count`. Namba ikipanda, prosesa imejipunguza kasi ili isiungue. Kabla hujamlaumu mfumo, jaribu mzigo uleule kwenye mfumo wa zamani wa mashine hiyohiyo. Zote mbili zikipanda joto sawa, tatizo ni vumbi au gundi ya joto iliyokauka, na dawa yake ni bisibisi.

Cha tatu ni hewa ya bahari. Milango ya USB ya mashine iliyokaa miaka karibu na pwani huota kutu, na kutu hutoa dalili zinazofanana kabisa na draiva mbovu: kifaa kinakatika na kurudi, `dmesg` inaandika `device descriptor read/64, error -71`. Hiyo -71 mara nyingi ni waya au mlango. Badilisha mlango, kisha waya, na mwisho kabisa ndipo ufikirie kerneli.

Vifaa vya kuchomeka vina tabia zake pia. Modemu ya Huawei E3372 ya aina ya HiLink huingia kwanza kama diski ya CD, 12d1:1f01, hadi `usb_modeswitch` iiamuru igeuke kuwa kadi ya mtandao, 12d1:14dc. Programu hiyo ikikosekana kwenye nakala mama, mtumiaji anaona kidiski tu na anakuambia bando limeisha. Ijaribu kwa namna tatu: imechomekwa kabla ya kuwasha, imechomekwa baada ya kuwasha, na ikiwa imechomekwa mashine ilipolala na kuamka. Printa ya HP LaserJet P1102 inahitaji nyongeza ya HP inayopakuliwa kwa `hp-plugin`. Kwenye ofisi isiyo na intaneti siku ya kwanza, printa haitatoa hata karatasi moja. Ifanye kazi hiyo kabla ya kufika kwa mteja.

Kilichokuwa kikifanya kazi jana

Kati ya kasoro mbili za daraja moja, ipi ipewe uzito? Jamii ya kerneli ya Linux ina msimamo ambao Linus Torvalds, mwanzilishi wake, ameutetea kwa ukali miaka yote: badiliko linaloharibu kitu kilichokuwa kikifanya kazi ni kosa, hata likiwa na sababu nzuri kiasi gani. Kwa anayesambaza mfumo msimamo huo unafaa vilevile. Kisoma alama za vidole ambacho hakijawahi kupata draiva ya Linux, na vingi vya laptopu za miaka hiyo ndivyo vilivyo, kinaweza kutoka kikiwa hakifanyi kazi mradi umeandika hivyo. Lakini waifai iliyokuwa ikishika vizuri kwenye nakala yako ya mwaka jana na sasa inakatika ni sababu ya kungoja, kwa sababu watu wameshapanga kazi zao juu yake.

Jambo hili linakusaidia pia kuchagua kerneli. Mzunguko wa kerneli ni takriban wiki 9 hadi 10: wiki 2 za kupokea mabadiliko, kisha matoleo ya majaribio kila wiki, kwa kawaida hadi la 7 au la 8. Baadhi ya kerneli huteuliwa kutunzwa kwa miaka kadhaa, kama 6.1 iliyo ndani ya Debian 12 na 6.12 iliyo ndani ya Debian 13 ya Agosti 2025. Kwa laptopu iliyotoka kiwandani mwaka huu, kerneli mpya ni lazima, vinginevyo skrini na sauti vitakosa draiva. Kwa EliteBook 840 G3, draiva zake zimekomaa miaka mingi iliyopita; kerneli mpya kabisa haimwongezei mtumiaji kitu isipokuwa nafasi ya kuharibika. Mpe ya muda mrefu na masasisho yake ya usalama. Kama bado una mashine za biti 32, fahamu kwamba Debian 13 haitoi tena kisakinishi wala kerneli ya i386.

Ukishachagua, funga mlango. Tangu siku hiyo hakuna programu mpya inayoingia, marekebisho tu, na kila rekebisho linafungua upya majaribio ya sehemu inayoigusa. Sasisho la kerneli linarudisha majaribio ya usingizi na diski yote. Sasisho la CUPS, programu inayosimamia uchapishaji, linarudisha printa peke yake.

Usidanganywe na ukimya katika kipindi hiki. Ripoti zikipungua, kuna uwezekano mbili: kasoro zimepungua au wanaopima wamechoka. Kwa hiyo andika kila wiki saa za majaribio na idadi ya mashine, kando ya kasoro mpya za madaraja matatu ya juu. Wiki mbili mfululizo za saa zilezile za kazi bila kasoro mpya ya madaraja hayo ni dalili unayoweza kuisimamia. Wiki mbili za ukimya bila mtu aliyewasha mashine hazikuambii kitu.

Kusambaza kwa mafungu

Oktoba 2018 Microsoft ilianza kutoa Windows 10 toleo la 1809 tarehe 2, na siku chache baadaye ikalisimamisha kwa kuwa baadhi ya watu walipoteza mafaili. Kwa maelezo ya Microsoft yenyewe, ripoti hizo zilikuwa sehemu moja ya mia ya asilimia 1 ya waliosakinisha, yaani 1 kati ya 10,000. Baadhi ya watumiaji wa majaribio walikuwa wameshaiona kasoro hiyo kabla, ila ripoti zao zilizama kati ya nyingine. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba. Jaribio lolote la mashine 40 lisingeweza kukamata kasoro ya 1 kati ya 10,000, na ndiyo maana kusambaza kwa mafungu ni sehemu ya kupima yenyewe. Sasisho la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, la tarehe 19 Julai 2024 lilikwenda kwa wateja wote kwa mpigo, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zikaanguka kabla mtu hajawahi kulizuia.

Kwa mashine 40, anza na 2 kwa watu wavumilivu wanaoandika wanachokiona. Baada ya wiki, 8 zaidi, ukihakikisha zina kadi na SSD zilizo tofauti na za mwanzo. Baada ya wiki nyingine, 30 zilizobaki. Andika mapema nini kitasimamisha fungu linalofuata, kwa maneno yasiyobishaniwa: faili moja kupotea, mashine moja kushindwa kuwaka, au kuganda mara 2 kwa sababu ileile. Ukiyaandika baada ya tatizo kutokea, utayaandika kwa kulipendelea toleo.

Njia ya kurudi nayo ipimwe kama kifaa kingine chochote. Acha kerneli ya awali kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua kerneli mashine inapowaka) na uhakikishe menyu inaonekana walau kwa sekunde 5, kwa sababu nakala nyingi huificha. Weka nakala ya diski ya Clonezilla ya hali ya zamani, na uirudishe kweli kwenye mashine moja huku ukiangalia saa. Ikichukua dakika 40, hiyo ndiyo ahadi unayompa mteja. Kisha mpigie simu mtu wa ofisini ambaye si fundi, aliye Likoni na wewe uko Tudor, umwelekeze kwa mdomo achague kerneli ya zamani. Akishindwa, andika maelekezo upya kabla ya fungu la pili kutoka.